Chai ya Jumanne

Ukitaka kumjua Ciku, mtazame akifika kwa watu. Hapigi hodi mara moja akanyamaza kama wengine. Anapiga hodi, anaita, anasalimia kuku, anauliza habari za ng'ombe, na mwenye nyumba akija kufungua anamkuta keshavua viatu. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo upande wa Kimumu, msichana wa miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye mkoba uliomzidi kimo, na kazi yake ilikuwa kuwafuata nyumbani wagonjwa wasioweza kufika zahanati. Walikuwa thelathini na mmoja. Wote nawapenda sawa, ndivyo alivyowaambia watu, lakini hayo ni maneno ya kikazi tu. Kila mwenye kazi ya namna ile ana mgonjwa wake wa moyoni, na wa Ciku alikuwa Kogo.

Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na mtaa mzima ulimwita hivyo ingawa jina lake hasa ni Jepchirchir. Miaka sabini na minne, mjane, aliishi peke yake pale nyumba za kukodisha zinapokwisha na mahindi yanapoanza. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, kuku wasiohesabika, na kaburi la mume wake kando ya ua, ambalo alilipalilia kila Jumamosi huku akilisimulia habari za wiki nzima. Ugonjwa wa sukari ulimpata miaka sita iliyopita. Alijifunza kujidunga insulini mwenyewe, asubuhi na jioni, na kwa kuwa hakuwa na friji alizihifadhi zile chupa ndogo ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa. Daktari mmoja wa mjini alipokiona kile chungu alikipiga picha.

Ciku alimtembelea kila Jumanne saa nne. Na sasa sikilizeni vizuri jinsi ziara yenyewe ilivyokwenda, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Kwa Kogo huwezi kuingia ukatoa mashine na kumshika mtu kidole. Hiyo ingekuwa adabu gani? Unaketi kwanza. Kogo anaomba, na maombi yake si mafupi, maana anawapitia watoto, wajukuu, mvua, serikali na wagonjwa wote wa Ciku mmoja mmoja. Kisha chai. Chai ya maziwa matupu, maji ya kuonjesha tu, majani yaliyochemka mpaka rangi ikaiva, na sukari ambayo kijiko kikizama kinasita kutoka. Kogo alijimiminia kwanza, akanywa mafunda mawili matatu, ndipo akamjazia Ciku hadi ukingoni. Wakanywa pamoja, wakacheka, wakaongeza cha pili. Baada ya hapo ndipo mkoba ulipofunguliwa. Miguu ikaangaliwa kama ina vidonda, presha ikapimwa, kidole kikadungwa, na namba ya sukari ikaandikwa kwenye kitabu cha kliniki.

Mtauliza, huyu muuguzi hakuiona ile sukari? Aliiona. Si kipofu. Ziara ya kwanza kabisa alimwambia Kogo aache sukari, Kogo akakubali, na kila Jumanne Ciku aliuliza kama ameacha kweli, akajibiwa ameacha. Lakini mbele yake kikombe kitamu kilikuwa kinanyweka. Ciku alijiambia, chai ya mara moja kwa wiki itamfanya nini mama wa watu? Wacha afurahi. Kumwambia mzee weka kikombe chini mezani pake mwenyewe, tena mbele ya chai aliyoamka mapema kuipika, hilo Ciku hakuliweza, na ana sababu zake ambazo tutazifikia.

Sasa ile mashine ya kupimia sukari, namba ikiwa kati ya tano na kumi uko sawa. Ikipita kumi sukari imepanda. Ikishuka chini ya nne ni hatari ya papo hapo, maana mtu anaweza kuanguka na asiamke. Za Kogo zilikuwa kumi na sita, kumi na saba, mara moja kumi na nane. Wanyama, daktari wa zahanati, mtu mpole mwenye wagonjwa sabini kwa siku, akazitazama na kutikisa kichwa. Akaongeza insulini mwezi wa tano. Jumanne zikawa zile zile. Akaongeza tena mwezi wa sita.

Wiki mbili baadaye Kogo alianguka zizini. Chepkirui, jirani yake wa karibu, alisikia ng'ombe akilalama kwa kuchelewa kukamuliwa, akaenda, akamkuta mama amelala kwenye samadi, amelowa jasho, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala mguu. Akabebwa hadi zahanati, akatiwa maji ya sukari mshipani, akafumbua macho na kuuliza nani amekamua. Siku kumi hazikupita, akaanguka tena, safari hii jikoni, karibu na moto. Mungu tu ndiye aliyemwepusha na yale makaa.

Wanyama akamwita Ciku ofisini. Ukimpima Jumanne sukari iko juu angani, alisema, halafu siku nyingine iko chini ya tatu. Mtu hawi hivi bure. Huyu mama anasahau. Anajidunga asubuhi, anasahau kwamba amejidunga, anajidunga tena. Ciku aliwaza, akakumbuka Kogo alivyomwita mara moja jina la binti yake marehemu, akasema huenda ikawa. Na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwenye kitabu: mgonjwa anasahau dawa. Maneno matatu tu. Akafunga kitabu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Yale maneno yakafika mbali. Kogo ana mtoto mmoja aliye hai, Stephen, anayefanya kazi Nairobi katika kampuni ya kuuza vipuri vya magari. Stephen alipoambiwa kwamba mama amekuwa mtu wa kusahau, alimaliza habari kwa simu moja. Mama hawezi kuishi peke yake tena. Jumamosi angekuja na pikapu, ng'ombe auzwe kwa jirani, nyumba ifungwe, na mama aende kukaa naye kwenye ghorofa, ghorofa ya tano.

Kogo hakubishana kwa simu. Alimpigia Ciku jioni ile, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuuliza habari za mtu yeyote. Alisema hivi tu, "Ciku, wameniandika kwamba mimi ni wazimu. Nani ameandika?"

Ciku alikuwa amesimama dukani akinunua mkate. Alisema atakuja Alhamisi asubuhi wazungumze. Aliondoka bila mkate, akiona haya mpaka masikioni.

Alhamisi alifika saa mbili. Haikuwa siku yake wala saa yake, na nia yake haikuwa ya kishujaa. Alikuja kuomba radhi na kumpangia dawa za safari, maana Nairobi ni mbali na insulini haipendi joto. Alimkuta Kogo ameketi jikoni kwenye kigoda, mbele yake kipande cha ugali wa jana na kikombe kidogo cha chai ya rangi. Alikuwa amekwisha kujidunga. Alipomwona Ciku alifunika ugali kwa sahani, akaona aibu kukutwa na chakula cha namna ile.

Ciku akaomba aone sindano zilizotumika, ajue ni ngapi za kumfungia safari. Kogo alizitumbukiza zote kwenye mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, kama alivyofundishwa, na kila mwisho wa mwezi Ciku aliuchukua ukachomwe. Ciku akazimwaga kwenye beseni. Akazihesabu huku akizipanga kumi kumi. Ilikuwa tarehe kumi na saba, Kogo alishajidunga ya asubuhi, jioni bado. Sindano zilikuwa thelathini na tatu.

Akahesabu tena. Thelathini na tatu. Mbili kwa kila siku iliyopita, na moja ya leo. Hata zile mbili za siku aliyolazwa zahanati alirudi nazo mkononi akazitia mtungini, maana mtu mwangalifu ni mwangalifu hata akiwa mgonjwa. Hakukuwa na hata moja ya ziada. Ciku akakitoa chungu, akapima kwa macho dawa iliyobaki kwenye chupa, akapiga hesabu ya vipimo. Ikalingana pia. Mwanamke huyu hakuwa amesahau hata siku moja, na Ciku alikuwa amemwandika kwa wino.

Aliinua macho amwambie, akaona mikono ya Kogo inatetemeka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Ciku hakungoja adabu yoyote. Aliivuta mashine, akakishika kidole pale pale jikoni penye moshi, akakidunga. Tatu nukta nne.

"Kogo, sukari iko wapi?"

Kogo akaonyesha juu ya kabati la vyombo, bakuli limefunikwa kitambaa cha kufuma. Ciku akachota kijiko, akakoroga kwenye ile chai ya rangi, akamnywesha mpaka mwisho. Kisha akampa na kijiko kingine kikavu alambe. Wakaketi. Taratibu mikono ikatulia, na Kogo akasema amerudi. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kurudi ni kuinuka, kutia maziwa sufuriani, majani, halafu sukari, kijiko, kijiko, kijiko, kijiko. Mgeni alikuwa amekaa nusu saa nzima bila chai.

Ciku alimtazama huku akivihesabu vile vijiko.

Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama sukari hii ndiyo anayotia siku zote. Kogo akacheka. Siku zote? Si Ciku alimkataza? Yeye akikatazwa anakatazika, si kama wale wa kanisani kwao wanaokunywa soda nyuma ya jengo. Siku zote anakunywa rangi tupu, chungu. Hii ni ya Jumanne.

"Ya Jumanne tu?"

"Ya siku yako. Nani mwingine anakuja?"

Wakanywa. Kogo kwanza, mafunda yake matatu, kisha akamjazia Ciku. Cha pili hakikukataliwa. Lakini safari hii Ciku hakuwa na la kuchekesha. Aliiangalia saa yake mpaka saa nzima ikapita tangu kikombe cha kwanza, akaomba kidole kingine. Kumi na tano nukta tisa.

Ile ndiyo ilikuwa namba ya Jumanne. Sikuwaambia hapo ndipo yalipoharibikia? Siku sita za wiki Kogo alikuwa mtu wa rangi tupu na ugali wa jana, sukari yake imekaa vizuri. Siku ya saba alikunywa vikombe viwili vitamu kama asali, na hiyo hiyo ndiyo siku aliyopimwa, tena baada ya kunywa. Na kwa namba ya siku moja wakampa dawa ya siku saba. Dawa ile ilipokosa sukari ya kupigana nayo, ikampiga yeye.

Ciku akaweka mashine chini. Alilia, sitawaficha. Alilia kama mtoto aliyevunja chombo cha watu, akisema ni mimi, Kogo, ni mimi niliyekuangusha, si wewe. Kogo hakuelewa mara moja, akaelezwa pole pole, akaelezwa tena. Alipoelewa alipangusa pembe ya mdomo kwa leso.

"Kwa nini uliitia sukari?" Ciku akauliza. "Na kwa nini ulikunywa na mimi? Ungeninywesha peke yangu, wewe ukanywa rangi yako."

Kogo akajibu akiutazama moto. "Nilijua wewe ni mtoto wa Yamumbi. Nilijua watu wenu walifanywa nini hapa ule mwaka. Nilisema, huyu msichana atakunywaje chai ya nyumba hii? Basi nikawa nakunywa mbele kidogo, sufuria moja na wewe, ndiyo uone hakuna kitu mbaya ndani."

Ciku alisahau hata kupangusa uso. Maana sasa ilibidi aseme na yeye yake, ile sababu niliyowaahidi. Ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, majirani wa lugha ya Kogo walipowafukuza watu wa lugha yake, Ciku alikuwa na miaka minane. Nyumba yao ya Yamumbi iliungua, wakalala kwenye hema miezi mitano, na waliporudi mama yake Njeri alimfundisha jambo moja kabla ya kumrudisha shule: katika mji huu ukipewa chai, kunywa. Ukiongezwa, kunywa tena. Ukikataa chai ya mtu hapa atajiuliza unamwogopa nini, na mkishaanza kuogopana tumekwisha. Kwa hiyo Ciku hajawahi kukataa kikombe, hata kwa watu wasiojua kupika chai. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote, wa ukoo wake au wa lugha yake, angemwambia weka chini kikombe hicho, wewe una sukari. Kwa Kogo alimeza maneno pamoja na chai.

Kwa hiyo walikuwa wawili pale, mmoja akinywa ili mwenzake asiogope, mwingine akinywa ili mwenzake asidhani anaogopwa, na kidogo wauane. Kogo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Ciku naye akacheka na kamasi zake, na ng'ombe huko nje akaitikia kwa kuwa saa yake ya majani ilikuwa imepita.

Kicheko hakikumaliza shida. Stephen angefika kesho kutwa. Ciku alikimbia zahanati, akammwagia Wanyama habari yote bila kujitetea. Wanyama alisoma zile namba mbili, ya kabla ya chai na ya baada, akavua miwani. Alisema hakuuliza swali hata moja, alisaini tu. Akarudisha dawa ilipokuwa kabla ya mwezi wa tano, akayafuta yale maneno matatu kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kwamba mgonjwa anatumia dawa kwa usahihi kamili, akatia saini na mhuri. Ijumaa Ciku alifika kwa Kogo asubuhi na jioni. Mashine ikasema saba, kisha nane na nusu. Jumamosi asubuhi, saba tena.

Lakini karatasi yenye mhuri haimzuii mtoto aliyekwisha kukodi pikapu. Kogo alilijua hilo. Jumamosi ile alivaa gauni lake la kanisani, akaketi uani akilitazama kaburi, na hakufunga hata mzigo mmoja. Alimwambia Ciku kwamba kama ni kwenda atakwenda, hatagombana na mtoto mbele ya majirani, ila huko juu ghorofa ya tano hataishi mwaka. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya mahindi. Ciku akamshika mkono, na wakaungoja mlio wa gari.

Stephen alishuka na magunia matupu na kamba. Mtu mrefu, amechoka, suruali imekunjika kwa safari. Alimwamkia mama yake kwa heshima, akainama ili mama amwekee mkono kichwani. Ciku hakumpa nafasi ya kuketi, maana alijua akiketi ataanza kupanga. Alisimama mbele yake, mfupi vile vile.

"Mama yako hajasahau kitu chochote," akasema. "Aliyekosea ni mimi. Nilimpima vibaya miezi mitatu, akapewa dawa nyingi kwa sababu yangu. Nimekuja kukwambia mwenyewe."

Akamweleza yote, sindano thelathini na tatu, bakuli la sukari, namba mbili za Alhamisi. Hakujificha nyuma ya Wanyama. Stephen alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika, na tusimlaumu. Mara mbili alipigiwa simu akiwa kazini akaambiwa mama yuko chini. Mara mbili alisimama katikati ya watu akijua hawezi kufika chini ya saa sita. Alisema haya yote kwa sauti ya juu, na Ciku akayapokea yote akiwa ameinamisha kichwa. Halafu Stephen akauliza lile swali lililokuwa na maana kuliko yote. Na Jumanne ijayo? Ukija tena, ukikaribishwa tena, utafanyaje?

Ciku alikuwa amelifikiria usiku mzima. Alisema hatakunywa. Atampima Kogo mlangoni, ataangalia miguu, ataandika, ataondoka. Alisema hivyo akijua anachokitupa.

"Hapana," akasema Kogo.

Wote wawili wakamgeukia.

"Hakuna mtu atakuja kwangu anidunge mlangoni aende, kama yule wa kusoma mita ya stima. Sitaki hiyo." Aliinuka kwenye benchi, akaiweka shuka vizuri mabegani. "Mgeni ndiye anapewa chai kwanza. Huyu si mgeni tena. Ni mtoto wa hapa. Mtoto akiingia anafanya kazi ya nyumba kwanza, halafu anakunywa kile tunakunywa. Ciku, ingia jikoni, weka maji ya rangi. Usitie sukari. Vikombe unajua vilipo."

Ciku alisimama pale pale. Miaka kumi na minane alikuwa akinywa chai za watu wa mji huu kwa uangalifu, kikombe baada ya kikombe, akiwaonyesha kwamba haogopi, na hakuna siku aliyoambiwa aingie jikoni ajiwekee maji.

"Na wewe, Stephen," Kogo akaendelea, kwa upole kabisa, "keti hapo kwenye kiti. Wewe nitakutilia maziwa na sukari."

Stephen akatabasamu kidogo, akidhani ni mzaha. "Mama, mimi tena ni mgeni?"

"Ulikuja lini?"

Ukimtazama Stephen ungeona anarudi nyuma mwezi kwa mwezi, Pasaka, Krismasi, mazishi ya shangazi yake, na kila anapofika hapati pa kusimama. Kogo hakumsaidia. Hakuwa na hasira hata chembe, alikuwa anangoja jibu tu, kama alivyokuwa akimngoja mwenyewe. Dereva wa pikapu akapiga honi moja fupi kule barabarani, akitaka kujua wapakie nini.

Stephen akatoka, akazungumza naye dirishani. Pikapu ikageuza, ikaenda zake tupu. Aliporudi alisema yuko na likizo mpaka Jumatano, atalala hapa aione hiyo Jumanne kwa macho yake, na baada ya hapo watazungumza kama watu wazima watatu. Kogo akasema sawa, akaketi tena kwenye benchi.

Ciku alikuwa amekwisha kuwasha moto, maji yanaanza kuimba, aliposikia mtu nyuma yake. Stephen alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la mama yake, ameinama asigonge kichwa, mikono haijui iende wapi. Alitazama kabati, akatazama rafu, akatazama ndoo zilizofunikwa.

"Samahani, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Vikombe vinawekwa wapi?"

Ciku akamwonyesha.